Nimejenga tovuti miezi miwili hapa Kigoma, kikao cha saa moja na nusu kimeibomoa

Mbunifu wa Mwanga (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku.

Naandika nikiwa Mwanga, Kigoma. Kesho natakiwa kazini saa mbili asubuhi na usingizi umegoma, kwa hiyo acha niyatoe. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni mbunifu wa tovuti. Mwaka jana niliajiriwa na kampuni moja ya hapa mjini yenye maboti ya abiria na mizigo, yanayotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Kagunga, na siku nyingine yanapeleka wageni Gombe. Sitaitaja, na naomba anayeijua asiitaje. Nataka tuzungumze jambo lenyewe.

Kazi ilianza vizuri. Bosi aliniita akasema: "Kijana, simu za mapokezi zinalia kutwa. Watu wanauliza boti inaondoka saa ngapi na gunia ni shilingi ngapi. Nataka wayakute hayo mtandaoni." Mbunifu akiambiwa maneno ya namna hiyo anashukuru Mungu, maana amepewa tatizo alitatue, hajapewa rangi.

Nikaanza na watu kabla ya kompyuta. Wiki nzima nilishuka mwaloni Kibirizi kila asubuhi, nakaa na abiria, naangalia simu walizonazo. Nyingi ni simu janja ndogo za bei ya chini, kioo kimepasuka kona moja, nafasi imejaa picha za watoto, bando ni la siku. Mtu anaitumia akiwa juani, mkono wa pili umeshika ndoo au mtoto. Huyo ndiye niliyemjengea.

Ukurasa wa mbele nikaweka boti ya leo na ya kesho, saa ya kuondoka, nauli, na bei ya mzigo kwa gunia. Chini yake kitufe kikubwa cha kupiga simu ambacho hata kidole gumba chenye unga kinakipata. Wageni wa Gombe niliwawekea mlango wao, na picha mbili za sokwe alizopiga nahodha wetu mwenyewe. Ukurasa mzima ulikuwa na uzito wa kilobaiti 410. Nilikesha kuufikisha hapo.

Kuna kitu kidogo ambacho nilikifurahia kuliko vyote. Upande wa Kiswahili niliandika "saa 7 mchana". Upande wa Kiingereza niliandika saa hiyo hiyo kwa hesabu ya wageni, yaani saa moja baada ya adhuhuri kwao. Kila aliyekulia hapa anajua saa zetu na zao zimepishana sita. Asiyejua anaona ni makosa ya kuandika.

Basi, siku ya kikao ikafika.

Tovuti ikawekwa kwenye televisheni kubwa ya ukutani, na mpaka leo naamini kazi iliharibikia hapo. Kitu kilichotengenezwa kikae kiganjani kikatazamwa ukutani, na watu sita waliokaa kwenye viti vya kuzunguka, wanatumia Wi-Fi ya ofisi, pazia limefungwa.

Meneja masoko ndiye aliyeanza. "Mbona pamepwaya? Tumelipia ukurasa mzima halafu umeacha nafasi tupu." Nikaeleza kwamba nafasi ile ndiyo inayofanya jicho lifike kwenye saa ya boti haraka. Akaandika kitu kwenye daftari lake, hakunijibu. Mwingine akasema nembo ni ndogo. Mpwa wake bosi aliyeko Dar akatuma ujumbe wa sauti WhatsApp, ukachezwa mbele ya wote, kwamba tovuti za siku hizi lazima ziwe na slaidi. Aliyefuata akataka muziki. Kila mtu alikuwa na lake, na hakuna aliyetaja abiria hata mara moja. Nilisubiri sana neno hilo litoke.

Mwisho bosi akauliza: "Rangi ya kampuni yetu ni njano. Njano yangu iko wapi?" Akaagiza namba ya simu iandikwe kwa njano.

Nikapewa siku tatu. Slaidi tano juu kabisa, za bosi akipeana mikono na viongozi mbalimbali. Maandishi yanayokimbia kutoka kulia kwenda kushoto. Ratiba itolewe kwenye ukurasa, ipigwe mhuri, iskaniwe, iwekwe kama PDF, kwa sababu karatasi yenye mhuri ndiyo inaaminika. Saa zote ziandikwe "7:00" pande zote mbili "ili zifanane". Anayetaka kuuliza bei ajaze fomu yenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Na badala ya sokwe, iwekwe picha ya simba, maana wageni wanapenda simba.

Wakuu, Gombe hakuna simba. Ni moja ya hifadhi ndogo kabisa nchini, kilomita za mraba hazifiki 60, na dunia nzima inaijua kwa sokwe tangu mtafiti Jane Goodall aliposhuka ufukweni pale Julai 1960. Nikalisema hilo. Jibu la meneja masoko lilikuwa, "Hiyo ni picha ya kuvutia tu." Picha yenyewe ilichukuliwa mtandaoni. Aliyeipiga hatumjui wala hatukumwomba.

Nikatekeleza yote. Nina kodi ya nyumba na mdogo wangu yuko sekondari.

Sasa sikilizeni hesabu. Kila picha ya slaidi waliyonipa ilikuwa na zaidi ya megabaiti 4, na nilikatazwa kuzipunguza, eti zitafifia. Tano zinapita megabaiti 20. Kwenye mtandao wa megabiti moja kwa sekunde, spidi ambayo ukiwa mwaloni ni bahati, hizo ni karibu dakika tatu za kuangalia duara likizunguka. Na bando la watu linaliwa.

Hiyo njano nayo. Kuna mwongozo wa kimataifa wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unaopima tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike walau 4.5 kwa 1. Njano kavu juu ya nyeupe ni 1.07 kwa 1. Hapo ni kama umeandika kwa maji. Na ndiyo rangi ya namba ya simu ya kampuni.

Muziki ulikataa. Kivinjari cha Chrome tangu 2018 kinazuia sauti kujianzisha yenyewe kabla mtu hajagusa ukurasa. Nikaambiwa nimeshindwa kazi.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Kibirizi. Nikamkuta mama mmoja mchuuzi wa dagaa ninayemfahamu tangu ile wiki ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Boti yenu ya kesho Kagunga inatoka saa ngapi?"

Nikamwambia afungue tovuti, kiungo nilishampa. Akafungua. Akainua upande wa kanga akaufanya kivuli juu ya simu, akaisogeza karibu na uso. Duara likazunguka. Mkono wa bosi ukatokea nusu, ukakwama. Akasubiri. Akanitazama, akarudi kwenye simu. Ikaingia meseji ya mtandao kwamba bando lake linakaribia kuisha. Akaifuta simu kwa pindo la kanga kana kwamba uchafu ndio unaozuia, akajaribu tena. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Ngoja nimpigie kijana wa ile boti nyingine, yeye anapokea."

Akampigia, akapata jibu lake, akaweka simu kifuani.

Hajanilaumu, na angenilaumu ningejisikia nafuu. Jina langu liko chini ya ukurasa ule, "Imebuniwa na" fulani. Bosi mwenyewe ndiye aliyeniruhusu kuliweka wakati tukiwa bado tunaelewana.

Kubadilishiwa kazi nimezoea, hakuna mbunifu asiyebadilishiwa. Ila mabadiliko yale hayakutoka kwa mtu yeyote aliyeitumia ile tovuti. Yalitoka kwenye macho ya watu sita wasioulizia boti, kwa sababu boti ni zao.

Naomba ushauri. Nifute jina langu? Niache kazi? Au kuna namna ya kuongea na uongozi ambayo mimi siijui?

---

Kijana wa Gungu

Pole sana mkuu. Hiyo ya "tumelipia ukurasa mzima" nimeisikia kwenye mabango mpaka nimechoka. Nilichora bango la duka la dawa, jina na neno DAWA, linasomeka ukiwa kwenye bajaji. Mwenye duka akataka orodha ya huduma 14 na picha yake. Sasa linasomeka ukisimama mlangoni, na aliyefika mlangoni hahitaji bango.

---

Mfanyabiashara Ujiji

Mimi niko upande wa pili, na nitasema bila kuficha. Nimeajiri vijana wa kompyuta wawili. Wote walinionyesha vitu vizuri kwa macho yao, mimi navitazama sielewi mteja wangu yuko wapi pale.

Bosi wako ameijenga kampuni ile tangu ana mtumbwi mmoja, nafikiri. Huku kwetu mtu hapandi chombo cha mtu asiyemjua, ziwa hili halina mzaha. Picha yake akiwa na viongozi inamwambia abiria kwamba kampuni ina mwenyewe. Mhuri kwenye ratiba unasema vivyo hivyo. Wewe unaita urembo, yeye anaita dhamana. Na mwisho wa yote hela ni yake.

---

Mbunifu wa Mwanga (mleta mada)

Mzee wangu wa Ujiji, nashukuru, na umenigusa pahala. Hilo la dhamana sikulifikiria vya kutosha. Kwenye muundo wangu wa kwanza hapakuwa na sura ya mtu hata mmoja. Abiria alikuwa anapata saa na bei, lakini hakuona ni nani anayemkabidhi roho yake. Hilo ni pungufu langu, nalikubali.

Ila hapa kwenye "hela ni yake" naomba nikujibu kwa boti, maana wote tunazijua. Bosi wetu akitaka chombo kipya anakwenda kwa fundi. Anamwambia nataka ibebe tani kadhaa, ihimili mawimbi ya mwezi wa saba, iweze kuegesha pasipo na gati. Fundi ndiye anayejua mbao ipi, ubavu uinuke kiasi gani, msumari upite wapi. Sijawahi kumwona bosi anamnyang'anya fundi nyundo. Akiona ubavu ni mfupi anauliza, "Maji hayataingia?" Hapo fundi anajibu au anarekebisha, kwa sababu swali ni la maji kuingia.

Laiti kikao kile kingeuliza "Abiria atatuaminije?", ningeondoka na kazi ya usiku mzima kwa furaha. Niliambiwa niweke picha tano juu, ukubwa huu. Dhamana haikutajwa. Wewe ndiye wa kwanza kunitajia, na hata hatufahamiani.

---

Pikseli za Kinondoni

Mkuu, usidhani ni Kigoma tu. Douglas Bowman alikuwa mbunifu mkuu wa mwonekano pale Google, akaacha kazi 2009 na akaeleza sababu hadharani. Timu moja ilishindwa kuchagua kati ya rangi mbili za bluu, wakaamua kupima aina 41 zilizo katikati yake waone ipi inafanya vizuri. Akaeleza pia alivyobishaniwa kama mstari wa pembeni uwe pikseli 3, 4 au 5, akaambiwa athibitishe. Akachoka, akaondoka.

Kama Google hali ni hiyo, sembuse sisi. Sanaa na uongozi havikai chungu kimoja. Tafuta wateja wako binafsi.

---

Mbunifu wa Mwanga (mleta mada)

Kisa cha Bowman nakifahamu, na ninamwonea huruma, ila ugonjwa wake na wangu ni tofauti. Yeye alizidiwa na vipimo. Kila alichokichora kiliwekwa mizani mpaka mkono wake ukakosa nafasi. Mimi huku hakuna aliyepima chochote. Ningepata bosi mmoja tu wa kunidai ushahidi, ningempa wa mwalo mzima.

Na kuhusu wateja binafsi, ninao wawili, hawatoshi kodi.

---

Mama Mawese

Habari zenu. Mimi mjasiriamali, nauza mawese na sabuni, njia hiyo ya kaskazini naipita kila wiki. Mtoa mada, sitataja kampuni, lakini nadhani tovuti naijua.

Nikwambie ukweli wa abiria. Mwanzoni ilikuwa inafunguka, nilikuwa naangalia jioni kabla ya kupanga madumu. Sasa hivi ukibonyeza ratiba inakuambia pakua. Ukipakua, simu inasema haina programu ya kufungulia. Mwanangu aliifungua kwenye simu yake, karatasi imekaa ubavu, mhuri umekaa juu ya saa za Jumatano. Tukageuza simu, na karatasi nayo ikageuka.

Nimerudi kwenye kupiga simu. Siku nyingine mapokezi wanapokea, siku nyingine hawapokei.

Ushauri wangu: mabosi ukiwaeleza ofisini wanaona unajitetea. Mpe simu kama zetu, mtoe nje, mwambie atafute bei ya dumu la lita 20. Usiseme neno. Nyamaza kabisa.

---

Wakili wa Mtaani

Nichangie kwa hiyo fomu ya NIDA. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Taarifa unazokusanya lazima ziwe za lazima kwa kusudi husika. Kuuliza bei ya gunia hakuhitaji namba ya kitambulisho cha mtu. Waandikie barua fupi, utaje sheria kwa jina, usiongeze hasira ndani yake.

---

Mfanyabiashara Ujiji

Mama Mawese amenimaliza. Mhuri juu ya saa za Jumatano, hapo sina utetezi.

Kijana, usiache kazi kwanza. Fanya alichosema huyu mama. Na ukienda, usimwendee bosi mbele ya meneja wake. Mtu mzima hakubali kosa mbele ya watu anaowaongoza.

---

Mbunifu wa Mwanga (mleta mada)

Nimewasoma wote. Asanteni sana. Nitarudi na mrejesho.

---

Mbunifu wa Mwanga (mleta mada)

MREJESHO, wiki ya tatu.

Wakuu, yametokea mengi, mengine si kwa nguvu zangu.

Barua ya NIDA niliiandika nusu ukurasa. Siku ya pili nikaambiwa niitoe ile sehemu, hakuna aliyebishana. Nimelitafakari sana hilo. Jina la sheria lilifanya kazi ndani ya siku moja. Abiria kushindwa kuuliza bei halikuwa limefanya kazi kwa wiki nne.

Ya simba ilijimaliza. Walikuja wageni wawili waliolipia Gombe, wakamuuliza nahodha wataonea simba upande gani. Nahodha akawaambia ukweli, wakarudi ofisini na simu mkononi, wakaifungua ile picha, wakaiweka mezani. Nilikuwepo. Meneja masoko alinitazama mimi kwanza kabla ya kuwajibu. Jioni sokwe wakarudi.

Ile "7:00" ndiyo iliyoniuma kupita zote. Kikundi cha wageni wanne kilifika Kibirizi saa moja asubuhi, maana ndivyo wao wanavyosoma saba. Boti ilikuwa ya saa saba mchana. Walikaa juu ya mabegi yao saa sita. Dada wa mapokezi aliwapelekea chai na maandazi kwa hela yake mwenyewe. Saa tano bosi akapita pale kwa shughuli nyingine, akawaona, akauliza ni akina nani.

Alinipigia mimi moja kwa moja, hakumpitia meneja. Nikashuka Kibirizi kwa bodaboda. Moyo ulikuwa unanienda mbio, sitaficha.

Nikamkuta amesimama pembeni ya magunia. Nikakumbuka maneno ya Mama Mawese. Nilikuwa nimeazima simu ya mdogo wangu, ndogo, kioo kimepasuka. Nikamwambia, "Mzee, naomba unitafutie bei ya gunia la dagaa mpaka Kagunga." Nikanyamaza.

Akatoa miwani mfukoni. Akabonyeza. Duara. Akahama akaingia kwenye kivuli cha kibanda. Picha yake ya kwanza ikashuka nusu. Akajaribu kuisukuma juu kwa kidole, ikakataa, akabonyeza kwa nguvu kana kwamba kioo ni kigumu. Ilipofunguka akatafuta namba ya simu ili apige aulize. Akaipita mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Namba mmeiweka wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Ilikuwa pale pale, kwa njano yake.

Akavua miwani. Akakaa kimya kidogo, akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Nilimwambia, kwenye kikao, na kwa barua pepe mbili. Nilikuwa na jibu hilo mdomoni. Nikakumbuka aliyosema mzee wa Ujiji, nikalimeza. Nikajibu, "Mzee, nilikueleza vibaya. Nilikueleza ukutani." Na wakuu, nilivyozidi kufikiri nimeona kwamba jibu lile lilikuwa la kweli. Mimi ndiye niliyekubali kazi ya kiganjani ionyeshwe kwenye televisheni. Siku ile ningeingia na simu sita ndogo, nikampa kila mmoja ya kwake, tusingefika huku.

Tulikaa kwenye benchi la mama ntilie karibu saa nzima. Hatukuongelea tovuti muda mwingi. Alinisimulia abiria alivyokuwa anawapata zamani, kabla ya simu, anavyotuma kijana kuzunguka vijijini kutangaza safari. Halafu nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza: zile picha za mikono, alitaka zimwambie nini mtu? Akasema, "Wajue sitawakimbia." Kumbe ni lile lile la dhamana.

Basi hali ilivyo sasa. Ratiba imerudi juu kwa maandishi, saa zimetenganishwa kama nilivyoziandika mwanzo. PDF yenye mhuri ipo, chini, kwa anayeitaka. Njano imebaki, tena imeongezeka: nimeifanya mandharinyuma ya kitufe cha simu, herufi nyeusi juu yake. Uwiano wake ni 19.56 kwa 1, karibu sawa na wino kwenye karatasi, na jua la Kibirizi haliumezi. Bosi ameipenda kuliko mtu yeyote. Kumbe rangi yake haikuwa na kosa, ilikuwa imewekwa mahali pabaya, na mimi kwa hasira sikutaka hata kuijaribu.

Picha tano bado zipo juu. Hapo hakulegea. Nimezibana mpaka kilobaiti 80 kila moja na zinapakuliwa baada ya ratiba kufunguka, kwa hiyo mwenye bando dogo anapata saa yake kwanza. Maandishi yanayokimbia nayo yapo, ya meneja masoko. Nilijaribu kumweleza kwamba lebo inayoyakimbiza imepitwa na wakati, viwango vya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, vinasema isitumike, akasema mbona inafanya kazi. Inafanya kweli. Hatuongei vizuri mimi na yeye tangu siku ya wale wageni wa simba, na hilo sijui litaishaje.

Ukurasa sasa una kilobaiti 870. Si ile 410 yangu. Jina langu nimeliacha.

---

Mama Mawese

Nimeifungua sasa hivi nikiwa sokoni. Imefunguka. Dumu la lita 20 halipo lakini, yapo magunia tu.

---

Mbunifu wa Mwanga (mleta mada)

Mama, kweli kabisa, nililisahau. Nauliza bei mapokezi kesho asubuhi, mchana utalikuta. Kuna kitu kingine cha mizigo ninachokosa?

---

Mama Mawese

Ndoo tupu za kurudi nazo. Na kuku.

---

Pikseli za Kinondoni

Mkuu, picha umezibana kwa programu gani mpaka 80 bila kufifia? Zangu zikishuka chini ya 150 nyuso zinavunjika.

---

Mbunifu wa Mwanga (mleta mada)

Squoosh, ni bure, inafanya kazi kwenye kivinjari. Punguza kwanza upana mpaka pikseli 800, halafu hamishia WebP (aina ya faili jepesi la picha) ubora 70. Wengi wanaacha upana wa kamera wa pikseli 4000 na kubana ubora peke yake, ndiyo maana nyuso zinavunjika. Ukikwama nitumie picha moja faragha nikuonyeshe.